Misa ya Kamina: Kwaya ya Shule ya Katanga na Safari Yake Katika Muziki wa Dunia

Historia ya muziki wa kanisa katika Afrika ya Kati imejaa kwaya zilizopendwa katika parokia zao na kusahaulika nje ya hapo, na ni chache sana ambazo sauti zao zilivuka mipaka ya ibada zikaingia katika muziki unaosikilizwa na watu wa kila imani na wasio na imani. Miongoni mwa hizo chache, nafasi ya pekee ni ya kwaya ya wavulana na walimu wa shule ya misheni ya Kamina, katika Katanga ya zamani, iliyojulikana kwa jina la Kifaransa la Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin, ambaye wakati huo alikuwa akitawala Ubelgiji na koloni lake la Kongo. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba misa ya Kilatini iliyotungwa kwa mitindo ya nyimbo za nyumbani, ikaitwa Missa Luba, na katika muda wa miaka 11 misa hiyo ilikuwa imesikika makanisani, katika kumbi za tamasha za Ulaya, kwenye santuri, katika filamu mbili mashuhuri, na hatimaye katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini Uingereza.

Sura hii inaeleza jinsi kwaya ya shule, katika mji mdogo wa njia ya reli, ilivyofika huko. Hoja yake ni kwamba nguvu iliyoipandisha misa hiyo ilitoka katika ufundi wa kutunga kwa pamoja ambao jamii za Katanga na za jirani yake Kasai zilikuwa nao muda mrefu kabla ya misheni kufika. Misheni iliupa ufundi huo mahali pa kukutania, kampuni ya santuri ikaupa njia ya kusafiri, na katika safari hiyo majina ya wenye ufundi yakabaki nyuma.

Nchi iliyoizaa kwaya

Kamina leo ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, ulioundwa mwaka 2015 pale mkoa mkubwa wa Katanga ulipogawanywa kuwa mikoa minne, ambayo mingine ni Haut-Katanga, Tanganyika na Lualaba. Mipaka hiyo mipya haipaswi kumficha msomaji ukweli kwamba katika miaka ya 1950 Kamina, Kolwezi na Musumba zilikuwa sehemu za ulimwengu mmoja. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, eneo lote hilo lilikuwa chini ya vikariati ya Lulua, ambayo ni aina ya jimbo la kimisionari, iliyokabidhiwa watawa Wafransiskani kutoka Ubelgiji, na jimbo la Kolwezi lilikatwa kutoka jimbo la Kamina baadaye, mwaka 1971.

Undugu wa maeneo hayo ulikuwa wa zamani kuliko Kanisa. Musumba, iliyoko katika wilaya ya Kapanga, ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, na mapokeo ya ufalme huo yanasimulia kwamba mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Kiluba, Chibinda Ilunga, alifika kwa malkia Ruwej wa Walunda akamwoa, na kutoka katika nyumba yao ukaanza mfumo wa utawala uliokuja kuenea hadi sehemu za Angola na Zambia za leo. Kwa hiyo Mluba wa Kamina na Mlunda wa Musumba walipokutana shuleni au kanisani walikuwa na kumbukumbu za pamoja, na katika kumbukumbu hizo muziki ulikuwa na kazi ya utawala: ngoma za magogo yaliyochongwa kwa kuachwa mwanya juu, kama chinguvu ya Walunda na kyondo ya Waluba, zilitangaza habari za msiba na za wakubwa, na sifa za ukoo zilihifadhiwa katika vinywa vya waimbaji waliofunzwa kazi hiyo.

Juu ya msingi huo wa zamani, ukoloni uliweka reli na migodi. Reli ya kampuni ya BCK, iliyotoka katika ukanda wa shaba kuelekea bandari ya mto huko Ilebo, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928 ikipita Kamina, na mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo iliunganisha eneo la Kolwezi na bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliujenga mji wa Kolwezi mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo yake. Katika miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kuanza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja, maana yake kuwaruhusu wachimbaji kuishi kambini na wake na watoto wao na kuwajengea shule zilizoendeshwa na wamisionari. Watu wa Kasai, wa Lomami na wa Lualaba walikutana katika kambi hizo na kando ya stesheni, wakazungumza Kiswahili cha Katanga, na watoto wao wakajifunza nyimbo za watu ambao babu zao hawakuwahi kukutana nao.

Kamina, ikiwa mji wa reli na jirani ya kambi kubwa ya jeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa njia panda ya aina hiyo, na jambo hili linaeleza kwa nini misa iliyoitwa ya Kiluba ilibeba ndani yake nyimbo za Kasai pamoja na za Waluba wa Katanga.

Ngoma nje ya mlango wa kanisa

Ili kuelewa uzito wa kilichotokea Kamina, ni lazima kwanza kufahamu sheria iliyotawala muziki wa Kanisa Katoliki kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa hati iliyouweka wimbo wa Kigregori, yaani uimbaji wa zamani wa Kilatini wa sauti moja usio na ala, kuwa kipimo cha muziki wa ibada, na hati hiyo ilikataza waziwazi matumizi ya piano na ya ala zenye kelele kama ngoma na matoazi kanisani. Agizo hilo liliandikwa likilenga makanisa ya Italia, ambako mitindo ya opera ilikuwa imeingia katika misa, lakini lilipofika Afrika lilipata maana nzito zaidi, kwa sababu hapa ngoma ndiyo iliyobeba tangazo, dua, msiba na sherehe, na Mkristo aliyeambiwa aiache nje ya mlango alikuwa akiambiwa aache nje sehemu kubwa ya namna yake ya kusali.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Tarehe 25 Desemba 1955 Papa Pius XII alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu ambao, pamoja na kuendelea kuutukuza wimbo wa Kigregori, uliwahimiza wamisionari kutambua mapenzi ya muziki waliyoyakuta kwa watu wa nchi za misheni na kuyatumia kwa ajili ya dini. Waraka huo haukuamuru misa za Kiafrika, lakini uliacha mlango wazi kiasi cha kumwezesha mmisionari aliyetaka kujaribu afanye hivyo bila kuogopa kukemewa, na katika maeneo kadhaa ya Afrika watu walikuwa tayari kuupita mlango huo.

Katanga yenyewe ilikuwa na jaribio lingine, la njia tofauti, lililoendelea katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Huko, mwaka 1937, mtawa Mbenedikto Anschaire Lamoral alianzisha kwaya ya wavulana iliyochukua jina lake kutoka katika misalaba ya shaba, vile vipande vya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa kwa umbo la msalaba ambavyo watu wa Katanga walivitumia kama fedha kabla ya ukoloni. Katika mazingira ya kwaya hiyo alikua mtunzi Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, mwanamuziki aliyefunzwa seminarini, ambaye alijua kuandika noti na kupanga sauti kwa kanuni za Kizungu, na ambaye aliitunga misa iliyojulikana kama Misa ya Katanga. Mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi chini ya Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba, Kiwele aliingia katika serikali yake kama waziri wa elimu na kutunga muziki wa wimbo wa taifa hilo la muda mfupi. Alifariki mwaka 1961, kabla Katanga haijarudishwa ndani ya Kongo mwezi Januari 1963.

Njia ya Kiwele ilikuwa ya mtunzi mmoja mwenye jina, kalamu na karatasi. Njia ya Kamina ilikuwa ya watu wengi wanaotunga kwa mdomo, na tofauti hiyo itakuwa na matokeo makubwa tutakapofika kwenye swali la nani mwenye mali.

Kwaya na namna yake ya kutunga

Padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Kibelgiji, aliwasili Kongo mwaka 1953 na kukabidhiwa uongozi wa shule ya Kamina, na katika muda mfupi alianzisha kwaya ya wanaume na wapiga ngoma iliyokuwa na wavulana wapatao 45, wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Mpangilio huo wa watoto na walimu wao una maana kubwa kimuziki. Sauti nyororo za watoto zilishika ncha ya juu na sauti za watu wazima zikatoa msingi, lakini zaidi ya hayo walimu walikuwa ndio watu wa kati katika jamii ile: walizijua nyimbo za wazee wao, walijua Kilatini cha misa, na walikuwa na mamlaka ya kuwakusanya watoto mazoezini kila siku. Mwalimu Joachim Ngoi, aliyeimba sehemu nyingi za sauti ya peke yake katika rekodi iliyojulikana zaidi, ni mfano wa watu hao.

Kwanza kwaya ilijifunza na kupanga upya nyimbo za jadi: nyimbo za ndoa, za kazi, za askari, za kutoka msibani na za ngoma, na nyingi za hizo ziliwekwa katika santuri moja na misa. Kazi hiyo ilikuwa shule ya utunzi, kwa sababu kila wimbo uliwazoesha waimbaji kupanga upya kitu walichokirithi bila kukiharibu. Mwaka 1957 wakaanza kuifanyia kazi misa yenyewe.

Utaratibu wa utunzi ulikuwa wa kubuni papo kwa papo kwa pamoja. Kiongozi wa sauti alianza na mtindo wa wimbo unaojulikana, akaweka juu yake maneno ya Kilatini, kundi likamjibu, na kila zoezi lililofuata likachuja kilichokuwa kizuri na kuacha kilichokuwa dhaifu, mpaka umbo likatulia katika kumbukumbu za wote bila noti kuandikwa. Utaratibu wa kiongozi kuita na kundi kuitikia unajulikana kote katika nchi za Kibantu, na uzuri wake kwa kwaya ya jamii ni kwamba humpa kila mtu kazi: mwenye kipawa kikubwa ana uwanja wa kupamba, na asiye na kipawa hicho ana kiitikio cha kukishikilia. Misa ya Kilatini, ambayo sehemu zake kadhaa ni dua fupi zinazorudiwarudiwa, ilikubaliana na utaratibu huo kwa urahisi.

Ndani ya misa

Missa Luba ina sehemu zilezile zisizobadilika ambazo Mkatoliki huziimba Jumapili: Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mbarikiwa na Mwanakondoo wa Mungu, na maneno yake yote ni ya misa ya Kilatini. Uafrika wake umo katika sauti, mapigo na hisia ambazo kila sehemu ilipewa kutoka katika wimbo wa tukio fulani la maisha.

Sehemu ya kwanza, Bwana utuhurumie, imejengwa juu ya mtindo wa kasala. Kasala ni utenzi wa sifa na maombolezo wa Waluba, unaoghanwa nusu kwa kusema na nusu kwa kuimba, ambamo mghani humtaja mtu kwa majina yake, ya wazazi wake na ya ukoo wake, akikumbuka matendo yao na kuyaamsha machozi na ujasiri wa wasikilizaji, hasa wakati wa msiba, vita au kutawazwa. Msomi wa Kikongo Patrice Mufuta aliuchunguza utenzi huo kwa kina mwishoni mwa miaka ya 1960, na uchunguzi wake umesaidia kuonyesha kwamba ni sanaa yenye kanuni kali na walimu wake. Uamuzi wa kuiweka dua ya kuomba huruma katika mtindo wa kulilia wafu ni tafsiri ya kiteolojia iliyofanywa kwa sauti: Mluba aliyesikia kasala alijua mara moja kwamba mtu amesimama mbele ya jambo lisilo na msaada wa kibinadamu, na hivyo akaelewa maana ya kuomba huruma bila kufafanuliwa maneno.

Mtakatifu na Mbarikiwa, sehemu zilizokuja kupendwa zaidi duniani, zilifuata mtindo wa wimbo wa kuagana. Sauti moja huanza polepole juu ya mapigo mepesi, kundi likaipokea kwa sauti zinazokwenda sambamba, na nguvu ikapanda hadi kwenye Hosana, ambayo imepewa mdundo wa ngoma ya Kasai na kuugeuza uchaji kuwa furaha. Mwanakondoo wa Mungu, dua ya mwisho ya kuomba amani, ilijengwa juu ya wimbo wa Bena Lulua, watu wa upande wa Luluabourg, ambayo sasa ni Kananga. Misa nzima kwa hiyo inamchukua msikilizaji kutoka msibani hadi kwenye kuagana na hadi kwenye ngoma, kwa mpango unaofuata maana ya ibada na pia mpito wa maisha ya kijijini.

Maelezo yaliyosambazwa pamoja na santuri yaliisifu misa hiyo kuwa ya Kikongo kabisa, isiyoguswa na muziki wa Kizungu. Sifa hiyo ilitolewa kwa heshima, lakini haikuwa sahihi, na inafaa kusahihishwa kwa sababu inapunguza akili ya watunzi. Watoto wa shule ya misheni waliimba nyimbo za Kigregori kila wiki, walisikia magitaa ya mijini ambayo wakati huohuo yalikuwa yakimpa umaarufu mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, na walikutana na nyimbo za makabila kadhaa kwa sababu ya reli. Walichokifanya ni kuchagua kwa makusudi kutoka katika vyote walivyovijua, na uchaguzi huo ni kazi ya wasanii.

Kutoka Kamina hadi Ulaya

Tarehe 23 Machi 1958 Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada, kwenye misheni ya Mtakatifu Bavo huko Kamina. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri hadi Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na ikakutana jukwaani na kwaya mashuhuri ya wavulana ya Vienna.

Wakati wa ziara hiyo ulikuwa na mengi ndani yake. Maonyesho makubwa ya dunia yalifunguliwa Brussels mwezi Aprili 1958 na kudumu hadi Oktoba, na Ubelgiji iliyatumia kuionyesha dunia koloni lake kama kazi iliyofanikiwa, huku miaka miwili tu ikiwa imebaki kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Watoto wa Kamina waliimba mbele ya umma uliokuwa na sababu zake za kutaka kuwaona: baadhi walitaka kuona matunda ya misheni, wengine walitaka kusikia Afrika waliyoifikiria, na jina la mfalme lililobandikwa kwenye kwaya liliwakumbusha wote ni nani aliyeitawala nchi ile. Hata hivyo muziki ulisema jambo ambalo waandaaji hawakulipanga. Msikilizaji aliyekuja akiamini kwamba Mwafrika alikuwa mwanafunzi wa ustaarabu alikutana na sala yake mwenyewe ya Kilatini ikirudi kwake ikiwa na kina ambacho hakukijua, na wanafunzi walikuwa wamegeuka walimu.

Kampuni ya Philips iliitoa misa hiyo kwenye santuri, na santuri ndiyo iliyoibadilisha kutoka tukio hadi bidhaa ya kudumu. Teknolojia ya santuri ndefu, iliyoenea katika miaka ya 1950 na yenye uwezo wa kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, ilifaa sana misa kamili iliyofuatwa na nyimbo za jadi, jambo ambalo lisingewezekana katika santuri fupi za zamani zilizomaliza wimbo katika dakika tatu. Kwaya yenyewe ilirudi nyumbani, lakini sauti yake ilibaki Ulaya ikiendelea kuzunguka bila wenyewe.

Filamu zikaja baadaye. Mwaka 1964 mwongozaji wa Kiitaliano Pier Paolo Pasolini alitumia Utukufu wa Missa Luba katika filamu yake ya maisha ya Yesu kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, akiiweka kando ya muziki wa Bach na nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, na kwa njia hiyo akawapa waimbaji wa Kamina nafasi sawa na watunzi wakubwa wa Ukristo. Mwaka 1968 mwongozaji wa Kiingereza Lindsay Anderson alitumia Mtakatifu katika filamu ya If...., inayohusu uasi wa wanafunzi katika shule ya bweni ya Uingereza, ambapo kijana mkuu wa hadithi huisikiliza santuri hiyo tena na tena chumbani mwake. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1969, na mwaka huohuo Philips ikaitoa Mtakatifu na Mbarikiwa kwenye santuri ndogo iliyoingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi Uingereza, ikafika nafasi ya 28 na kukaa humo kwa wiki 11.

Wimbo wa sala uliotungwa na walimu na watoto wa Kamina ukawa unauzwa katika maduka yaleyale yaliyouza muziki wa roki. Vijana wa Ulaya waliununua kwa sababu waliusikia kama sauti ya uhuru dhidi ya shule na taasisi zilizowabana, wakati wenyewe waliutunga ndani ya shule na taasisi, kwa ajili ya utii wa imani. Mabadiliko hayo ya maana ni ya kawaida muziki wa ibada unapoingia sokoni, na hayaondoi thamani ya muziki wenyewe. Yanaonyesha tu kwamba mwenye wimbo akikosekana mezani, wengine humwamulia maana ya wimbo wake.

Nani mwenye misa?

Sheria za hakimiliki, yaani sheria zinazompa mtunzi haki ya kutambuliwa na kulipwa kazi yake inaporekodiwa, kuchapishwa au kutumiwa, zilijengwa juu ya picha ya mtunzi mmoja anayeandika noti kwenye karatasi. Kiwele aliingia katika picha hiyo bila shida. Waimbaji wa Kamina hawakuingia, kwa sababu utunzi wao ulikuwa wa wengi, wa mdomo, na juu ya msingi wa nyimbo za jadi ambazo sheria iliziona kuwa hazina mwenyewe. Katika hali kama hiyo, jina linalobaki ni la yule aliyekusanya, kupanga na kuongoza, na kwa Missa Luba jina hilo likawa la Padri Haazen.

Haki inadai kusema kwamba mchango wa Haazen ulikuwa mkubwa na wa kweli. Bila yeye kusingekuwa na kwaya, ziara wala santuri, na ni yeye aliyekuwa na ujasiri wa kuziruhusu ngoma kuongoza misa miaka mitano kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa kibali. Lakini haki hiyohiyo inadai kutambua kwamba kasala, wimbo wa kuagana na mdundo wa Kasai havikutoka Ubelgiji, na kwamba kuvioanisha na maneno ya Kilatini, jambo gumu kuliko yote, kulifanywa na vinywa vya watu ambao wengi wao hawatajwi popote kwa majina. Msikilizaji wa London wa mwaka 1969 aliujua mji wao na jina la mfalme waliyepewa, na hakuwa na njia ya kuwajua wao.

Kilichobaki

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe heshima na nafasi yanayostahili, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo ngoma, kucheza na kuwaita wahenga ni sehemu halali za ibada. Missa Luba haikuleta mabadiliko hayo peke yake, lakini ilikuwa ushahidi ambao mtu yeyote aliyesema kwamba ngoma na sala haviwezi kukaa pamoja alilazimika kuusikiliza. Mwaka 1964 mtunzi wa Argentina Ariel Ramírez aliitunga Misa Criolla kwa midundo ya nchi yake, na njia ya kuadhimisha misa kwa muziki wa wenyeji ikawa ya dunia nzima. Mwaka 1990 Philips iliitoa tena Missa Luba, safari hii kwa sauti za Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga, na hivyo kazi ya mdomo ya Kamina ikawa imeingia katika hazina ya kwaya za Afrika Mashariki kama kazi inayojifunzwa na kuimbwa na watu wasioijua Katanga.

Leo muziki wa injili, yaani nyimbo za Kikristo zinazorekodiwa na kuuzwa nje ya ibada, una njia nyingi zaidi za kusafiri. Kundi la Zabron Singers kutoka Kahama, Tanzania, limefika kwa mamilioni ya wasikilizaji kupitia intaneti bila kungoja kampuni ya Ulaya, na kwaya za parokia, za Wamethodisti na za Wapentekoste kutoka Kolwezi hadi Kapanga zina simu zinazoweza kurekodi zoezi la jioni na kulituma kabla ya asubuhi. Urahisi huo hautatui tatizo la Kamina. Unalifanya litokee kwa kasi zaidi, kwa sababu wimbo wa kundi unaweza kuchukuliwa, kubadilishwa na kuuzwa na mtu mwingine kabla kundi halijajua kwamba una thamani.

Kongo ina sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986 na ina SOCODA, chama cha kukusanya haki za watunzi kilichoanzishwa mwaka 2011, na vyombo hivyo, hata vikiwa na upungufu, haviwezi kumlinda kwa urahisi mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kwa hiyo kila kwaya ya Lualaba na Haut-Lomami inayotunga kwa pamoja ina wajibu wa kuandika, siku wimbo unapokamilika, majina ya wote waliouanzisha, waliouitikia na walioupigia ngoma, kukubaliana kwa maandishi jinsi mapato yatakavyogawanywa, na kuisajili kazi hiyo kabla ya kuirekodi. Wazee wa Kamina walithibitisha kwamba kwaya ya shule inaweza kuifundisha dunia kusali. Wajukuu wao wana kazi iliyobaki, nayo ni kuhakikisha kwamba dunia inapoimba wimbo wao, inajua pia majina ya walioutunga.